Gatakaa Alipoukwea Mbaine

Gatakaa alizaliwa upande wa Runyenjes, ambako mtoto wa kike hujua kuchuma kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alichuma kahawa, akachuma majani chai, na msimu wa maparachichi ulipofika yeye ndiye aliyetumwa kwenye matawi ya juu kabisa, kule ambako ndugu zake wa kiume walijifanya hawayaoni matunda. Hakuna aliyemsifu kwa hilo. Ilikuwa kazi tu, kama kuteka maji.

Kisha akaolewa na Bundi, mtu wa Igembe, akahamia karibu na Kangeta, na huko akaambiwa jambo ambalo hakuna aliyelidokeza siku za posa. Mwanamke hachumi miraa. Atapalilia chini ya mti, atakata majani ya migomba ya kufungia vitita, atawapikia wachumaji, na akipenda ataibeba miraa mpaka sokoni aiuze kwa sauti kubwa. Lakini kuichuma mtini, hapana, na kuukwea mti, hata usiseme. Miraa iliyochumwa na mwanamke huchacha mdomoni, walisema, na mti wenyewe hunyauka.

Gatakaa alicheka alipoambiwa. Mama mkwe wake hakucheka. Basi naye akafunga mdomo, akaishi na marufuku hiyo ujana wake wote, na watu wakasahau kwamba ni wa kuja.

Bundi alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, akamwachia binti mmoja, Kanana, ambaye sasa ni mwalimu mjini Meru na ana watoto wake wa kumhangaisha. Akamwachia pia miti ya mbaine. Mbaine ni miraa mikongwe, mashina yamejaa nundu na ukoga, na hii ilipandwa na babu wa babu yake Bundi. Vichipukizi vyake ni vyekundu na laini, na watafunaji wa Nairobi huvitaja kwa heshima wasiyowapa mama zao.

Kuanzia hapo maisha ya Gatakaa yalining'inia kwenye mikono ya shemeji yake, Thuranira. Thuranira alikuwa mchumaji hodari na si mtu mbaya. Alichuma kwake, akivuka ua anachuma kwa mjane wa kaka yake. Wasiwasi wa Gatakaa ulikuwa mmoja tu, naye aliujua vizuri: miti isiyochumwa huonekana kama haina mwenyewe, na mjane ambaye miti yake haina mwenyewe huanza kuulizwa atarudi kwao lini. Kwao wapi? Kahawa ya Runyenjes ndugu zake walikwisha kuigawana mpaka ukuta wa choo.

Akaja Nasteho. Nasteho alikuwa binti wa Khadra, mfanyabiashara wa Maua aliyenunua miraa ya nyumba hiyo tangu Bundi yuko hai. Msichana alikuwa amesomea utalii, akazunguka na vyeti vyake hadi viatu vikaisha, na mwishowe akaamua kujiajiri. Alipanga ziara ya siku moja. Asubuhi wageni wanaonyeshwa jumba la mikutano la Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, kule Nchiru, wanaelezwa habari za wazee na sheria zao. Mchana wanaletwa kijijini, waone miti mikongwe, wale chakula cha nyumbani na kutazama miraa ikichumwa na kufungwa.

"Mama Kanana, hapa kwako ndio pazuri," Nasteho alimwambia. "Miti iko, kivuli iko, na ile mukimo yako hakuna hoteli inaweza. Wewe ni kukaribisha wageni tu."

"Na wachumaji?"

"Si Thuranira yuko? Atapanda, wageni wapige picha, basi."

Gatakaa alikubali upesi kuliko alivyotaka kuonekana. Nyumba ilikuwa kimya mno. Na tena aliwaza, wageni wakizoea kuja, nani atathubutu kusema kwamba shamba hili halina mwenyewe? Ziara za kwanza zilikwenda vizuri. Thuranira alijifanya kuchoshwa nazo, lakini kila Jumamosi ya wageni alivaa shati safi.

Sasa Jumamosi hiyo iliyoharibu mambo, Thuranira hakutokea. Mwenye shamba kubwa upande wa pili wa Kangeta alikuwa na mzigo wa haraka, amekusanya kila mchumaji mwenye miguu miwili, na Thuranira akaenda nao akidhani atarudi mapema. Simu yake ilikuwa imezimika. Wageni walishuka garini, wote wa Nairobi, vijana wa ofisi moja waliokuja kujivinjari, vumbi la Nchiru bado kwenye viatu. Wakala mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, wakanywa uji wa mtama, wakasifu kila kitu pamoja na paka. Kisha wakaketi kusubiri mchumaji.

Wakasubiri. Nasteho alizungumza habari za miti mpaka maneno yakamwishia, akaanza kuyarudia. Mmoja akatazama saa. Mwingine akamwuliza dereva kama watafika Nairobi kabla ya giza. Gatakaa alikuwa amesimama mlangoni na sufuria tupu mkononi, na aibu ilikuwa inamla. Kwao, mgeni akitoka nyumbani kwako bila kupata ulichomwitia, umemfukuza.

Dada mmoja mwenye miwani akamgeukia. "Kwani mama, wewe huwezi kutuonyesha? Panda tu kidogo hapo chini, ya video."

"Huku wanawake hawachumi," Nasteho alisema, akacheka kidogo. "Ni mambo ya zamani."

"Ya zamani aje, na ni leo?" yule dada akasema. "Aki si haki. Mama, unaweza ama huwezi?"

Ama huwezi. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomponza. Angeulizwa kama anaruhusiwa, angejibu la na kurudi jikoni. Lakini kuulizwa kama anaweza, yeye aliyekuwa akitumwa matawi ya juu! Akamtazama Nasteho. Nasteho angeweza kusema hapana, na hakusema. Alitazama saa.

Gatakaa aliweka sufuria chini, akavua malapa, akaifunga sketi kwa leso, akashika nundu ya kwanza. Laiti mtu angemvuta leso! Mwili ulikumbuka wenyewe. Mguu ulijua pa kukanyaga, mkono ulijua tawi lipi ni la kuaminika na lipi ni la uongo. Walipoanza kushangilia chini alikuwa amekwisha kupita pale walipomwomba aishie. Alifika juu kwenye vichipukizi vyekundu, akavivunja kwa kidole gumba kama alivyowaona wanaume wakifanya maisha yake yote, akavishika mdomoni ili mikono iwe huru.

Juu kule aliona paa la nyumba yake kwa mara ya kwanza. Aliona mabati ambayo Bundi aliyapiga misumari mwenyewe, aliona milima ya Nyambene yote. Alifurahi. Lazima isemwe hivyo, maana baadaye watu walisema alifanya kwa dharau, wengine kwa pesa. Alifurahi tu, kama mtoto, na furaha hiyo haikuzidi muda wa kujaza kiganja.

"Mama ni noma!" kijana mmoja alipiga kelele, simu juu.

Video ilifika Kangeta kabla ya wageni kufika Meru mjini. Thuranira aliiona akiwa bado juu ya mti wa mtu mwingine. Mwenzake wa tawi la pili alimwonyesha, akamwuliza, "Huyu si wa kwenu?"

Hakuja Jumapili. Hakuja siku iliyofuata. Alipokuja alisimama nje ya ua, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Shemeji, ulikuwa unataka nini?"

"Hukuja, Thuranira. Wageni walikuwa wamekaa."

"Wangekaa. Wangeenda. Wageni huenda." Akafuta uso. "Mimi sijakasirika na wewe. Lakini siwezi kupanda hapo tena."

"Basi tuchinje mbuzi. Makosa ya wanaume si huwa yanasafishwa?"

"Nimeshauliza."

Kweli alikuwa ameuliza. Alikwenda kwa wazee, akawaeleza, akawaomba wamtajie mbuzi wa rangi yoyote. Wazee walikuna vichwa mpaka jua likageuka. Wanazo dawa za wizi, za matusi, za damu. Ya mwanamke kuukwea mbaine hawakuwa nayo, kwa sababu tangu babu zao hakuna aliyefanya. Hawakumlaani, hawakumtoza chochote. Walisema tu hawajui, wakainuka wakaenda zao. Angelaaniwa ingekuwa afadhali, kwani laana ina njia ya kuondolewa.

"Na wewe unaamini?" Gatakaa aliuliza. "Umeonja? Imechacha?"

"Mimi kuamini ni kitu gani?" Thuranira sasa alikuwa karibu kulia. "Nikionekana juu ya mti wako leo, kesho miraa yangu pia itakataliwa. Niko na watoto, shemeji."

Gatakaa aliwatafuta wachumaji wengine, hadi vijana wasiokuwa na kwao, wale wanaochuma shamba lolote usiku au mchana. Nao walicheka, wakazunguka, wakakataa. Kanana aliongea kwenye simu kwa hasira kwamba mambo hayo ni ya kizamani, kwamba dunia imebadilika. Yalikuwa maneno mazuri, na hayakukwea mti.

Vichipukizi vikaanza kukomaa. Miraa haingoji mtu; ikipita siku zake inakuwa majani tu. Gatakaa alivitazama vikigeuka kutoka wekundu kwenda kijani, na siku moja asubuhi, jua likiwa wazi na majirani wakiwa mashambani wanamwona, akavua malapa akapanda tena. Alichuma mti mzima. Akapanga vijiti kwa urefu, akafunga vitita kwa kamba ya mgomba, akavifunika kwa majani mabichi, kazi safi ambayo Bundi mwenyewe asingeitia kasoro. Akajitwika akaenda kwa Khadra, Maua.

Khadra alikuwa kibandani, pikapu zinanguruma nyuma yake. Alimkaribisha, akamwagizia chai. Alichukua kitita, akakifungua, akapitisha vijiti kati ya vidole vyake, akavunja kimoja akakitafuna polepole. Gatakaa alimtazama taya.

"Ni tamu," Khadra alisema.

"Basi chukua."

Khadra alikifunga tena kile kitita vizuri, akakirudisha juu ya vingine.

"Mama Kanana, wallahi ni tamu. Hakuna shida kwa miraa. Lakini dereva wangu ni wa huku, wafungaji ni wa huku, wote wameona video. Nikipakia hii, mzigo wote utaitwa ya mwanamke. Nitaambia nani ni tamu?"

"Mtoto wako ndiye alileta wale watu."

"Najua. Nimemgombeza mpaka nikachoka." Akamshika mkono. "Kunywa chai kwanza."

Gatakaa alikunywa chai, kwa sababu alikuwa ametembea mbali. Kisha akabeba mzigo wake wote akarudi nao. Mbuzi wake waliukimbilia, wakala vizuri sana.

Miezi imepita. Thuranira bado humsalimia, lakini ndugu wengine wa Bundi wameanza kupita shambani nyakati za jioni wakipima kwa macho, na mmoja alikwisha kuuliza, kwa upole kabisa, kama Runyenjes mvua imenyesha. Nasteho ndiye aliyerudi. Alikuja na uso wa mtu mwenye hatia na habari ambayo yeye aliiona njema: wageni wanapiga simu, na hawaulizi tena habari za jumba la wazee. Wanamtaka mama anayepanda.

Gatakaa alimfukuza mara ya kwanza. Mara ya pili alimsikiliza. Mara ya tatu alimwuliza watakuwa wangapi, ili ajue kiasi cha viazi.

Kwa hiyo sasa kila Jumamosi anakwea. Majirani wanapogeuza nyuso, yeye anakwea. Magoti yanamuuma, na juu kule hatazami paa wala milima. Anachuma, anashuka, wageni wanapiga makofi. Anafunga kitita mbele yao, polepole, wapate kupiga picha kila hatua, na daima kuna mmoja anayeuliza swali lile lile.

"Na hii sasa inaenda wapi?"

"Jioni hii hii inaingia kwa pikapu," Nasteho hueleza, mikono hewani, sauti imechangamka. "Dereva hasimami popote. Kabla ya alfajiri iko Nairobi, na kutoka hapo hata ng'ambo. Mtu huko atatafuna kile huyu mama amechuma na mkono wake."

Wageni humtazama Gatakaa kwa mapenzi. Yeye hutikisa kichwa kukubali, akiwa amekishika kitita kwa mikono miwili. Halafu gari huondoka. Mbuzi wamekwisha kuzoea. Wakisikia injini inawaka hujikusanya nyuma ya jikoni, wakingoja. Gatakaa hukata ile kamba ya mgomba, huwamwagia, na kuanza kuosha vyombo.