Wageni wa Agripina

Agripina alishona nguo Ihanja kwa miaka kumi na tisa, kando ya barabara kuu, kwenye kibaraza kimoja na fundi mwenzake Cecilia. Hakuwa na mume wala mtoto. Alichokuwa nacho, na ambacho aliwachosha nacho watu, ni tamthilia moja ya kigeni iitwayo Meli ya Nyota Tisa, ya watu waliopotea angani miaka mia tatu ijayo, wakitafuta dunia nyingine ya kuishi. Raymond, fundi simu wa jirani, alimwekea kwenye memori kadi kila sehemu mpya ilipotoka.

Meli yenyewe haikumshughulisha sana. Aliwapenda waigizaji wawili wakuu, Tobin Arrel na Suvi Kallane.

"Hebu mtazame Suvi hapa," alimwambia mteja aliyekuja kupimwa suruali, huku akimsogezea simu usoni. "Analia, lakini ametupa mgongo. Unauona mgongo unavyolia? Mwingine angepiga makelele tu."

Tobin naye, alisema, akidanganya huficha kidole gumba ndani ya ngumi. Hakuna aliyemfundisha kuyaona hayo, na hakuna aliyetaka kuyasikia. Cecilia na wateja walikonyezana.

Mwaka jana akawaandikia barua, kurasa mbili kwa Kiingereza chake cha darasa la saba, kuwashukuru. Akampa Raymond aipige picha na kuwatumia kwa mtandao. Baada ya miezi miwili Raymond akaja kibarazani.

"Shikamoo dada. Wamejibu."

Barua ilichapwa kwa rangi, ikiwa na picha ya wawili hao na muhuri. Cecilia aliisoma pole pole, akiifafanua kwa Kiswahili: waigizaji wanakuja kuyaona mawe makubwa ya Singida, na Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia hapo, saa nne asubuhi, watasimama Ihanja kumsalimia Agripina.

Agripina akaketi sakafuni, palepale.

Wiki zote hizo hakupokea kazi. Alimkatia Tobin koti na Suvi gauni. Vipimo alivitoa kwenye simu. Aliisimamisha picha Suvi akiwa mlangoni, akampima kwa rula akimlinganisha na mlango. Sare za wanafunzi zikakaa bila vifungo. Cecilia akazimalizia, na wenyewe wakahamia kwake.

"Suvi ana bega moja limeshuka," Agripina alimwambia. "Nimeliwekea sponji kidogo, lisionekane."

"Atafurahi sana, dada yangu," Cecilia alijibu, akiung'ata uzi ili asicheke.

Alhamisi ilipofika, barabara ilijaa watu. Agripina alidhani nao wamekuja kupokea wageni. Saa nne na nusu gari dogo jeupe likasimama, wakashuka watu wawili waliojizungushia karatasi za kung'aa mwili mzima, sufuria zimewafunika vichwa hadi puani. Jua lilimpiga Agripina machoni. Aliona mng'ao tu. Akaenda mbele na nguo zake mikononi, akapiga goti, akasema kwa Kiingereza maneno aliyoyakariri siku zote hizo: kwamba mwaka mmoja alipolazwa hospitalini wao ndio waliokaa naye, ingawa hawakujua.

Sufuria moja ikaanguka. Chini yake alikuwa Derick, dereva wa bodaboda kutoka Sepuka.

Kicheko kilichoanza hapo hakikuwa cha mtu mmoja mmoja. Simu zilikuwa juu, zote zinarekodi. Derick akalivaa koti, akacheza nalo. Agripina akageuka aondoke, na sauti ya mwanamke ikapazwa nyuma yake, "Haya, dada, tulilie kwa mgongo!" Aliijua sauti hiyo. Alikaa nayo kibaraza kimoja miaka kumi na tisa.

Alimkuta Raymond amejishika mbavu.

"Barua yangu ilifika kwa nani?"

"Ile?" Raymond akajifuta machozi ya kicheko. "Dada, ile nilifungia vitumbua siku ileile."

Kabla ya Jumapili video ilikuwa imefika Sepuka, kwao Agripina. Vijana walimwonyesha mama yake nje ya kanisa, ibada ilipokwisha. Mama akampigia simu.

"Umempigia goti Derick, mtoto wa Simeoni? Mbele ya watu?"

"Mama, jua lilikuwa linanipiga."

"Pasaka usije," mama akasema, akakata.

Agripina alihamisha cherehani yake hadi Mgori, ambako hakuwa na ndugu. Alijiambia kwamba huko hawamjui. Siku ya tatu mzee mmoja alileta suruali ya kupunguzwa kiuno. Alimtazama sana, akatoa simu mfukoni, akatazama simu, akamtazama tena, akaanza kutabasamu.

Sasa Mgori nzima wanamwita Kapteni, kwa ile meli yake ya angani, hata wasiojua jina lilikotoka. Ameacha kuwasahihisha. Mtu akisimama mlangoni na kuita, "Kapteni, nguo yangu tayari?" yeye hujibu bila kuinua kichwa, "Njoo kesho."