Choo Kisicho na Nzi

Nilipokuwa darasa la nne pale Ikutha, niliamini kabisa kwamba choo cha ndotoni hakina nzi. Habari hiyo ilitoka kwa rafiki yangu Kioko, aliyesema kaka yake aliisoma kwenye simu. Choo cha kweli, alisema, utakijua kwa harufu ya kupasua pua na nzi wa kutosha kubeba mtoto mchanga. Cha ndotoni ni kisafi, kimya, kinakukaribisha, na ukikojoa humo unaamka umelowa. Mimi nilikuwa nikilowa karibu kila siku. Godoro langu lilianikwa juu ya ua wa miiba mpaka wapita njia wakawa wanalitumia kuelekeza wageni. Na likizo ya Desemba ilikuwa inakaribia, nipelekwe kwa shangazi kule Nunguni, kwenye baridi, nilale kitanda kimoja na binamu watatu. Nilikuwa na wiki saba za kupona.

Dawa ya Kioko ilikuwa kujifunza kujua kwamba unaota ukiwa bado umelala, uishike ndoto masikio kama punda na kuipeleka unakotaka. Kila ukiingia chooni mchana, tafuta nzi kwanza; mazoea hayo yatakufuata usingizini. Ukilala, rudia moyoni "nitajua ninaota" mpaka usingizi ukuchukue. Shida ni kwamba usingizi ulikuwa haunichukui. Mpaka leo nachelewa kulala, ndiyo maana nilimaliza shule ya usiku nikiwa mtu mzima, wenzangu wakisinzia juu ya hesabu na mimi macho yamenitoka kama kinyonga. Lakini wakati ule yalikuwa mateso. Nilirudia maneno yale labda mara elfu kumi, nikiogopa kulala na nikiogopa kutolala, moyo ukidunda kama mchi unaotwanga mahindi ya muthokoi. Kisha usingizi uliniangukia ghafla, mzito, nikasahau kila kitu.

Mchana ndipo nilikuwa hodari kupita kiasi. Ijumaa moja mwalimu wa zamu aliamuru vyoo vimwagiwe majivu na dawa, maana shule ilikuwa na wageni. Niliingia nikiwa nimebanwa vibaya, nikatafuta nzi. Hakuna hata mmoja. Jasho likanitoka. Nikajiambia, hii ndiyo ndoto yenyewe, Mutua, usithubutu. Nikafunga kaptura, nikaenda kusimama paredi na shule nzima, nikingoja kuamka. Sikuamka. Sala ilipofika katikati, kibofu kiliamua chenyewe. Kioko, aliyekuwa nyuma yangu, aliniinamia sikioni, "Sasa mwanaume, hapa unaota ama?" Paredi nzima ikaiona kaptura yangu, ikaangua kicheko, nina hakika kilisikika Kitui mjini.

Desemba ikafika sijapona. Kwa shangazi nililala ukingoni, nimejikunja kama jongoo, siku mbili nikiponea chupuchupu. Alfajiri ya tatu nikajikuta katika choo kipana chenye sakafu inayong'aa, hakuna nzi, na nikajua. Nilijua kabisa kwamba naota. Nikakiamuru choo kiwe kilima, kikawa kilima, na mimi juu yake nikicheka kwa furaha. Niliamka nimelowa, na binamu wawili wamelowa pamoja nami.

Shangazi aliwatuma kukata nyasi za ng'ombe kabla hawajaanza kunicheka, kisha mimi naye tukalishika godoro kila mmoja upande wake, tukalitoa nje. Nikamweleza yote huku nikilia, kwamba nilikuwa nimefaulu na bado nimekojoa. Siku hizi mwanangu akilowa, nabadilisha shuka nikipiga mluzi, na simuulizi aliota nini. Yeye hurudi kulala. Mimi katika umri wake nilikuwa tayari kuutawala usingizi wa dunia nzima ili nisichekwe, mpaka asubuhi ile shangazi alipoliegemeza godoro ukutani na kunifuta uso kwa leso yake.

"Ndoto haina makosa, Mutua," alisema. "Unachelewa kulala, na ukilala unazama. Kibofu chako bado ni cha mtoto. Baba yako alikojoa kitandani mpaka darasa la saba, na hakuna mtu alimfundisha kuacha. Aliacha tu."