Ramani ya vyumba vitatu aliyoipenda Baba: someni kabla hamjamwaga msingi

Wakuu, assalamu aleikum, na wengine hamjambo.

Haya ninayoandika ni ya nyumbani kwetu, sikuhadithiwa na mtu. Nikitia chumvi, iniwashe mwenyewe.

Jana humu mwenzetu mmoja kaweka picha ya ramani. Vyumba vitatu, master na choo chake, sebule na jiko open plan. Akauliza, "Nyumba ya familia ya kawaida, mnaionaje?" Nimesoma comments zote. Moto, moto, moto. Mmoja kauliza rangi ya mabati. Nyote mmeitazama kwa macho ya siku ya kuhamia.

Ramani ile naijua. Nimo ndani yake hivi ninavyoandika.

Kwetu ni Majengo, hapa Mombasa kisiwani. Nyumba ya zamani aliijenga babu, kuta za udongo na mawe, bati lina kutu. Mbele baraza. Ukiingia, ukumbi mrefu umenyooka hadi nyuma, vyumba huku na huku. Mwisho wa ukumbi ni uwani: meko, choo, kamba za nguo, mrehani wa Mama kwenye kopo. Na mlango wa nyuma wa kutokea uchochoroni, ambao wanawake wa mtaa ndio waliopitia.

Tulikuwa watu wanne.

Baba, mstaafu wa bandarini. Mama, mtu wa Mji wa Kale aliyeolewa akaletwa Majengo, na mpaka leo hajaacha kutukumbusha. Ami Saidi, mdogo wake Baba, fundi cherehani wa kanzu, alifiwa na mkewe zamani na hakuoa tena. Na mimi, niliyeachika nikarudi kwetu. Nafanya kazi ofisini katika shule moja Kizingo.

Chumba cha Ami kilikuwa cha mbele kabisa, mlango wake ukifungukia barazani. Cherehani yake ilikaa hapo hapo. Mama alikuwa na uwani wake. Wakikutana ukumbini, Ami hukohoa, Mama huvuta leso kichwani, wanapishana. Wamekaa hivyo miaka na miaka, sijapata kusikia neno baina yao.

Basi nyumba ikaanza kupasuka. Mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Baba akasema atajenga kabla hajafa, na ile ramani akaipata kwenye simu. Alikuwa akiionyesha kila mtu, hata muuza mahamri.

Wallahi sikupata kumwona Baba na furaha kama ile.

Tatizo kiwanja. Ramani ile ilichorewa mtu wa Kizingo mwenye geti na bustani, sisi kiwanja chetu ni cha Majengo. Kwa hiyo ili master iingie, uwani ukaliwa wote. Ili sebule iwe pana, ukumbi ukaondoka. Baraza ikawa sebule nayo. Na upande wetu wa uchochoro Baba akaufunga, kilichobaki ni njia ya paka.

Mama aliuliza swali moja tu. "Na uwani je?"

Baba akamwambia, "Uwani wa nini tena, mke wangu? Utakuwa na choo chumbani kama malkia."

Ami naye akauliza habari ya baraza, Baba akamjibu, "Utashonea sebuleni, Saidi, chini ya feni." Tukacheka sote.

Sitaki kuionea nyumba. Tathmini ni haki kwa haki. Haivuji. Ina hewa mbele. Baba magoti yalikuwa yamechoka, na kile choo cha chumbani kilimsitiri sana. Jiko lililo wazi lina adha zake, ukikaanga papa mgeni anarudi kwao ananuka papa, lakini hilo linavumilika. Ami alipewa chumba cha kati, mlango unatokea sebuleni. Baba akaweka kiti chake katikati ya sebule, akikaa hapo anaona mlango wa mbele, jiko, na milango ya vyumba vyote. Alikuwa akituita kwa zamu, bila sababu, kwa raha tu ya kutuona sote.

Wakati Baba yuko hai, hatukuona kasoro. Yeye ndiye aliyekuwa ukumbi wetu, tukipita kwake.

Kisha Baba akaugua. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa siku nyingi. Jeneza lilitoka vizuri, mlango mpana. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mama akaingia eda.

Kwa wasiojua: mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya mumewe. Hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Na kwa ada ya kina Mama, wale wa Mji wa Kale wa zamani, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Ndugu wa mume si maharimu. Masheikh wa humu najua mtaniambia sheria haikubana kiasi hicho. Mwambieni Mama, si mimi.

Katika nyumba ya babu, mjane angekaa eda na uwani wake. Angepika, angeota jua, mashoga wangeingia kwa nyuma. Bibi yangu alikaa vivyo hivyo, na alitoka kanenepa.

Mama alikaa master.

Chumba kina dirisha moja, na dirisha lile linatazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Taa inawashwa mchana. Na mlango wake unatokea sebuleni, ambako ndiko kwenye cherehani ya Ami.

Siku za mwanzo wanawake walikuja wengi. Lakini kuja kwa Mama ni kupita mlango wa mbele, mbele ya Ami na wateja wake wa kanzu, mtu kajifunika mpaka machoni anaomba njia kama yuko bandarini. Wakaanza kupungua. Shoga yake wa chanda na pete, Bi Mwanaisha, aliyekuwa haipiti siku bila kuja, akawa anapiga simu.

Mwenyewe Mama akitaka maji ya kunywa anigongee ukuta. Mimi nikiwa kazini, anakaa na kiu mpaka nirudi.

Ami naye, masikini, alikuwa akiteseka vile vile. Akitaka kuinuka anakohoa. Akitaka kwenda chooni anakohoa. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake nalia, kwa sababu si kikohozi cha ugonjwa, ni cha adabu. Watu wazima wawili, wote wamefiwa na mtu mmoja, na hawawezi hata kupeana pole ila kwa kupitia kwangu.

Siku moja nimerudi, Mama amekaa pembeni ya kitanda, sahani ya mchana haijaguswa. Akaniuliza, "Nje kuna jua?"

Nikamwambia kuna jua kali.

Akasema, "Mimi nilidhani mvua." Kisha akanionyesha kwa kidole, pale kwenye kabati. "Hapo palikuwa na mrehani wangu. Hapa nilipokaa ndipo penye kinu."

Ndipo akili ikanijia. Alikuwa amekaa uwani kwake mle mle. Umetiwa dari tu.

Tangu siku hiyo akawa ananiuliza kila asubuhi. Nje kuna jua? Na kila siku alikuwa akipungua. Nilimwogopea, nasema kweli. Nilidhani baada ya Baba nitamzika na yeye.

Nikamleta fundi kwa siri. Akazunguka, akapima. Nyuma ukuta wa jirani, ubavuni ukuta wa jirani. "Dada, mlango wa pili hapa hauna pa kutokea," akaniambia. "Dawa ni moja. Ukate sebule kwa ukuta, urudishe ukumbi. Wa huku apite huku, wa kule akae kule."

Mama akasikia. Sauti yake ikatoka chumbani. "Nani anayetaka kukata sebule ya mume wangu?"

Nikaingia kumweleza. Hakunipa nafasi. "Babako kafa anaisifu sebule ile. Hata kaburi halijakauka mwataka kuivunja? Mwambie huyo fundi aende zake."

Fundi akaenda zake.

Ami alikuwepo, kayasikia yote. Wiki ile ile akakodi chumba Bondeni. Akaniambia akiwa ameshika kamba ya mkokoteni, "Mamako apate kutoka chumbani aje hapa sebuleni, avute hewa. Mimi popote nashona." Cherehani ikaburutwa juu ya tailisi za sakafu, na Mama akasikia mlio wake wote mpaka nje.

Kweli, alipata kutoka. Alikuwa akikaa sebuleni jioni, mlango umerudishwa. Afya ikarudi kidogo. Lakini kwenye kiti cha Baba hakukaa, na pale palipokuwa na cherehani alipazunguka.

Eda ikaisha. Mama akaoga, akafukizwa udi, wanawake wakaja. Walipoondoka neno lake la kwanza kwangu likawa, "Mwite Saidi arudi kwao."

Nikaenda. Ami akaja na kanzu safi, akasimama nje ya mlango wa mbele. Nikamkaribisha, hakuvua viatu.

"Mwanangu," akasema, "eda imekwisha, lakini ujane haukwisha. Mwanamke asiye na mume, mwanamume asiye na mke, mlango mmoja, sebule moja, na wewe kutwa uko kazini. Kule zamani nilikuwa na mlango wangu. Hapa nikirudi, nitapita wapi?"

Akampa Mama salamu kwa sauti, kwa mbali, akaenda zake.

Mama alikuwa nyuma ya mlango wa chumba. Alitoka analia, kilio ambacho hata siku ya maziko hakukilia. "Babako alinijengea chumba," akasema, "akamvunjia nduguye mlango. Na hakujua. Wallahi hakujua."

Akajifuta machozi kwa leso. Kisha akasema, "Mwite yule fundi."

Wakuu, funzo langu ndilo hili, na si la Waislamu peke yao. Mkiangalia ramani mwahesabu vyumba na vyoo. Hesabuni watu wanaokaa humo, kisha mwondoeni mmoja, yule anayewaunganisha. Muulizane waliobaki watapishana vipi. Na mama wa nyumba akiuliza "na uwani je?", msimcheke.

Mwenzangu wa jana, ramani yako si mbaya. Ila hukutuambia unakaa na nani. Rudi utuambie, na wengine mliojenga mchangie, hata mkinipinga.

Ukuta umesimama. Umepita pale pale penye kiti cha Baba, hapakuwa na njia nyingine. Mama alikiinua mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akakiingiza chumbani mwake kikakaa chini ya lile dirisha. Ukumbi umerudi, mwembamba, una kiza. Chumba cha Ami kina mlango wake, unatokea ukumbini. Nimemwambia, akasema tutaona. Hajaja.

Mvua imeshika siku hizi, na fundi kasema rangi haipakwi mpaka plasta ikauke. Leo alfajiri Mama amenigongea ukuta kama zamani. Nikakimbilia chumbani nikidhani kuna jambo. Yuko macho, amekaa kwenye kiti cha Baba.

"Nje kuna jua?" akaniuliza.