Matundu Manne ya Skrubu

Siku ya tisa kwenye foleni ya malori pale Tunduma, nilipanda juu ya lori kutengeneza boti ya faiba niliyokuwa nimeisindikiza kutoka Dar. Mtikisiko wa safari ulikuwa umelegeza bomba la kushikia pembeni, na skrubu zake nne zilizunguka bure kwenye matundu. Mwenye boti, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka, alikuwa anakuja kwa miguu alasiri ile kuikagua. Akiipokea, niko huru.

Mama yangu alikuwa Ihanda, mwendo mfupi tu kwa basi, na sikuwa nimemwona kwa miaka sita. Lakini boti ilikuwa mikononi mwangu. Nisingeweza kuiacha hata nusu siku.

"Uko Tunduma au uko Ulaya?" aliniuliza kwenye simu.

"Tunduma, mama. Foleni haisogei."

"Mbona wa Tunduma wanakuja hapa kununua kahawa na kurudi?"

Niliirudisha simu mfukoni. Nilitanua matundu kwa drili, nikafuta vumbi, nikakoroga gundi ya faiba na poda ya watoto mpaka ikawa nzito kama ugali mlaini, nikaongeza matone ya dawa ya kukaushia na kushindilia. Dar ningevuta sigara moja tu, nayo ingekuwa jiwe. Nilikuwa nimetia matone yale yale niliyozoea kutia Dar. Hapa kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuvalia sweta mbili, nami niliyezaliwa kwenye baridi hiyo nilikuwa nimeisahau. Baada ya saa nzima, ukucha wangu bado ulizama kwenye gundi.

Hapo malori ya mbele yakawasha injini.

"Kaka, funga hilo bomba tuondoke!" dereva alipiga kelele. "Au unasubiri liive?"

Niliona stendi ya mabasi kichwani, nikamwona mama mlangoni. Nikafunga skrubu zote nne kwenye gundi mbichi. Ziliingia kirahisi mno. Tulisogea urefu wa malori kumi.

Mwenye boti alitukuta hapo. Alipanda, akashika bomba na kuliegemea kwa uzito wake wote, kama mtu anayepanda kutoka majini. Likang'oka pamoja na gundi, likining'inia mkononi mwake.

"Awe, mukwai," alisema kwa upole, akikataa kwa Kibemba na kunikabidhi bomba. "Awe. Mwanangu angeshika hili, angekuwa amezama ziwani sasa hivi."

Alikataa kuipokea, na lori lisilo na mpokeaji halikai kwenye mstari. Dereva alituondoa bila kunitazama, akageuza kurudi mwisho wa foleni, kijijini Mpemba. Nilikaa ndani ya boti, nikakwangua gundi iliyobaki kwa bisibisi, tundu moja baada ya jingine. Kisha nikaomba jiko la mkaa kwa mama muuza mahindi, nikaliweka karibu na faiba ipate joto, nikakoroga upya, safari hii kwa matone mengi zaidi.

Mama alipiga simu mara mbili. Niliiacha iite. Niliogopa kuondoa macho kwenye matundu.