Mtu wa Kukuchotea Maji

Juzi nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja huku Kilosa, nasubiri kupimwa presha. Mlango wa chumba cha nesi ni pazia tu, kwa hiyo ya ndani tunayasikia sote. Mama mmoja mkulima wa Rudewa alikuwa anaulizia upasuaji wa kunyanyua matiti. Aliuona kwenye simu ya binti yake.

"Mama, huo mpaka Dar," nesi akamwambia kwa upole. "Utavimba, utaumwa, na makovu yatabaki. Miaka ikienda, matiti yatalala tena."

"Sawa, mwanangu."

"Na wiki sita hubebi ndoo, hushiki jembe, hutwangi."

"Kama arobaini ya uzazi?" mama akauliza.

"Kama arobaini, mama."

"Nimezaa watano, na hiyo arobaini naisikia kwa wenzangu. Mimi siku ya kumi niko shambani, mtoto mgongoni." Sauti ikachangamka. "Wanaandikisha wapi?"

Alikuja kutafuta urembo. Sasa alikuwa anatafuta kupumzika.

"Ila lazima uwe na mtu wa kukuchotea maji na kukupikia. Unaye?"

Mama akatoka anakaza kanga kifuani. "Ningekuwa naye, mwanangu, yangelala mapema hivi?"

Wanaume wa benchini tuliangalia sakafu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anatoka bombani. Nikanyoosha mikono nimpokee ndoo. Akasimama, akanitazama kwa hofu.

"Baba Asha, kuna nini? Nani kafa?"