Filta ya Kifua cha Mama

Dukani siku ile tulikuwa baba, mimi, mdogo wangu Nekesa mgongoni mwangu, na Bwana Karim, muuza spea za magari. Juzi nilinusa oili chafu, nikawakumbuka.

Baba, dereva wa mzungu, alikuwa akilinganisha filta kuukuu ya kuchuja oili ya gari na zile mpya.

"Chagua vizuri, Wafula," Bwana Karim alisema. "Uchafu ukipita, injini inakufa."

Nyumbani mama alikuwa akikohoa damu. Nikauliza, "Na ya kifua cha mama mnayo?"

"Nyamaza!" baba alifoka.

Bwana Karim hakucheka. Alifunga duka mchana ule, akampeleka mama hospitali kwa gari lake.

Mama hakurudi. Baba naye alipofariki, niliacha shule niwalee Nekesa na wadogo wangu wengine. Bwana Karim alihama kabla sijamshukuru. Asante yake bado ninayo.