Diski ya Mama Keren

Victoire wa mtaa wa Vulamba, mjini Butembo, alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, nacho kilikuwa kuhamisha kompyuta. Mtu akileta laptopu iliyochoka, yeye aliitoa diski ya zamani na kutia mpya, yenye nafasi na kasi, na mwenyewe akiiwasha alikuta kila kitu mahali pake: picha ileile kwenye kioo, mafaili yake ya ovyo yaleyale, hata barua aliyoiacha haijaisha. Mafundi wengine walichagua walichoona kina maana na kukirundika upya. Victoire aliwacheka. Hiyo, alisema, ni kumhamisha mtu huku ukimwachia sufuria zake barabarani. Ufundi aliurithi kwa babake, mtengenezaji wa redio. Hakuolewa, na ulimi wake ulikuwa mkali kiasi kwamba wateja walimwogopa kidogo na kumwamini kabisa.

Tamar alifika kwake akiwa mkimbizi kutoka Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, miezi michache baada ya wauaji kupita huko. Walimuua mumewe Salomon, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, na binti yao Keren. Nyumba ilichomwa pamoja na picha zote. Laptopu ya Salomon ilipona kwa sababu siku hiyo ilikuwa kwa jirani mwenye paneli ya sola, imepelekwa kujazwa umeme. Ndani yake alikuwamo Keren akiimba, na Salomon akimkatiza kila mara na kumsahihisha. Hakuna kingine kilichobaki duniani cha watu hao wawili. Nayo diski ilikuwa imeanza kugongagonga, na mashine haikuwaka ila kwa kubembelezwa.

Victoire aliitegea sikio akajua haina siku nyingi. Kwa diski mgonjwa hivyo, fundi mwenye busara angezitoa kwanza zile nyimbo, kazi ya muda mfupi, kisha ndipo ahangaike na mengine. Yeye alilijua hilo vizuri. Lakini Tamar alimshika mkono, akamwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya Victoire, hapana kuchagula. Unihamishie yote, vile Salomon aliacha.”

“Itakuwa vile, Mama Keren. Hata kimoja hakitabakia.”

Kilichojibu hapo ni kile kiburi. Alizipachika diski mbili, ya zamani na mpya, kwenye kifaa chake kinachonakili kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, akakiwasha. Diski ikavuta kwa taabu. Siku ikaisha, nusu haijafika.

Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba watu wamechinjwa tena upande wa Beni, na kwamba kesho yake Butembo itakuwa ville morte. Siku kama hiyo mji mzima hufa kwa makusudi ili kuwalilia wafu, yaani kufanya deuil: maduka hufungwa, pikipiki hazitembei, hakuna afanyaye kazi. Anayethubutu kufungua hupigwa mawe, na hakuna wa kumtetea.

Victoire alikuwa na hakika kwamba diski ile ikizimwa haitaamka tena. Betri za akiba za kibanda chake zilikuwa zimekufa zamani. Akaenda kumsihi Malachie, jirani ambaye jenereta yake, groupe kwa lugha ya mtaani, ililisha vibanda vya mstari mzima, aiache iendelee. Malachie alisitasita, mwisho akakubali. Victoire akashusha mlango wa chuma na kujifungia ndani.

Walifanya kosa la watu waliozoea kelele. Siku zote Vulamba inanguruma kwa majenereta, na hakuna anayesikia moja. Katika mji uliokufa, ile ya Malachie ilisikika hadi kilima cha pili, na wao wawili hawakuliwaza hilo hata kidogo.

Asubuhi wanawake walipita wameshika majani, wakiimba nyimbo za msiba, vijana nyuma yao. Mbele ya kibanda nyimbo zikakatika. Victoire alisikia watu wakiingia uani kwa Malachie, kisha mabishano. Angeweza kutoka na kueleza ni kazi ya nani anayoifanya, na pengine wangemsikiliza. Aliogopa mawe, akaogopa zaidi aibu ya kukutwa kazini siku ya wafu. Akaganda kitini, akimwomba Mungu wapite. Jenereta ikanyamaza. Taa ya kifaa ikazimika, diski ikasimama.

Umeme uliporudi, diski haikuzunguka. Alijaribu kila alichokijua, kisha akalia, jambo ambalo hakulifanya hata babake alipozikwa. Kwenye diski mpya zilikuwa zimefika programu, pamoja na mchezo wa karata. Wimbo haukufika hata mmoja.

Tamar alipokuja, Victoire alikuwa amejiandaa kusema yote, kiburi chake na woga wake. Alianza na lile kubwa, kwamba diski imekufa na hakuna kilichopona. Tamar akaketi sakafuni.

“Siku ya deuil nilikuwa natembea na bamama,” akasema. “Tukasikia groupe inalia huku. Ni miye niliambia bavijana baende kuizimisha. Nikasema, mutu wa kutumika kazi leo hana heshima ya bafu betu, bale balichinjwa.” Akainua macho. “Yaya, haikukuwa yako?”

Maneno yote ya ukweli yalikuwa tayari mdomoni mwa Victoire. Yangempunguzia yeye mzigo, na kummaliza aliyekaa pale chini.

“Hapana, Mama Keren. Diski yako ilikufa mbele ya deuil kuanza. Kosa ni yangu, nilifanya mubaya.”

“Donc, ni kusema si miye.”

“Hapana. Si weye.”

Tamar akainuka, akaichukua laptopu yake, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo alimwambia kila mtu Vulamba kwamba Victoire amemuua Keren mara ya pili, na Victoire, mwenye ulimi ule, hakubisha.